Kesi iko mahakamani na mwaka unafungwa: utenge fedha, ueleze, au unyamaze?

Desemba imebaki siku chache. Mhasibu wa kampuni ya malori ana faili mkononi: mwezi Oktoba lori lao lilipoteza breki likaingia kwenye maghala ya watu, na wenye mali wamefungua madai ya shilingi milioni 900. Anamwendea mkurugenzi.

"Mzee, hii kesi tunaiweka wapi kwenye hesabu?"

"Iache kwanza, mwanangu. Hukumu bado."

Mfano huu nimeutunga, lakini mazungumzo yenyewe nimeyasikia mara nyingi mno katika kazi ya ukaguzi. Nayaelewa. Kwa mtu wa biashara, deni ni lile lililoletewa ankara au hukumu. Uhasibu hauulizi kama hakimu amekwisha kusema. Unauliza kama tukio limeshatokea, na kama fedha zinaelekea kutoka. Lori liliingia ghalani Oktoba, na hukumu itakayosomwa miaka mitatu baadaye italitaja deni ambalo mizizi yake iko kwenye mwaka huu. Kwa hiyo swali la mhasibu yule linahitaji jibu kabla hesabu hazijatiwa saini.

Njia tatu za IAS 37

Kenya ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya uhasibu mwaka 1999, Tanzania mwaka 2004. Kwa kesi na madai, kiwango kinachotawala ni IAS 37, kilichotolewa 1998. Kampuni ndogo na za kati zinazotumia kiwango chao wenyewe zitakuta mambo yaleyale kwenye sehemu ya 21, kwa maneno machache zaidi.

Njia ya kwanza ni kuweka tengo: unaandika gharama kwenye hesabu ya faida na hasara, na dhima, yaani deni, kwenye mizania. Unalazimika kufanya hivyo mambo matatu yakikutana. Kuna wajibu uliotokana na jambo lililokwisha kutokea, uwezekano wa kulipa ni mkubwa kuliko wa kutolipa, na kiasi kinaweza kukadiriwa kwa namna ya kuaminika. Njia ya pili ni kuieleza kesi kwenye maelezo yanayofuata hesabu, bila kugusa faida. Hii ni kwa kesi ambayo huenda ikakugharimu lakini mizani bado inaegemea upande wako. Njia ya tatu ni kimya, nayo inaruhusiwa tu pale uwezekano wa kulipa unapokuwa mdogo mno kiasi cha kutostahili kutajwa.

Ukizilinganisha kwa matokeo yake, unaona mara moja kwa nini watu huikimbia ya kwanza. Tengo linapunguza faida, linapunguza gawio, na linaweza kuvunja viwango ambavyo benki imekuwekea kwenye mkataba wa mkopo. Maelezo hayavunji chochote, ila yatasomwa na benki hiyohiyo. Kimya hakimshtui mtu yeyote, mpaka siku ya hukumu.

Hapo ndipo kosa linapoingia. Wengi huchagua njia kwa kutazama matokeo, halafu wanarudi nyuma kutafuta hoja. Kisingizio ninachokutana nacho zaidi ni kwamba "kiasi hakikadiriki". Kiwango chenyewe kinasema hali hiyo ni nadra sana. Kama wakili anaweza kukupa kiasi cha chini na cha juu, basi kinakadirika.

Nikishindwa kuamua kati ya njia ya kwanza na ya pili, huwa namuuliza mkurugenzi swali moja: leo hii, ungekubali kutoa shilingi ngapi ili kesi hii iishe na usiisikie tena? Si swali la ujanja. IAS 37 inakielezea kiasi cha tengo hivyohivyo, kuwa ni kile ambacho kampuni yenye akili timamu ingelipa tarehe ya mizania ili kujitoa kwenye wajibu. Mtu anayejibu papo hapo "milioni 300" ameshaniambia kwamba anatarajia kulipa. Na kama tayari amemwandikia mdai barua ya kutoa milioni 200, itamwia vigumu kunishawishi kuwa tengo lake ni sifuri.

IAS 37 na kanuni ya Kimarekani

Ulinganisho huu si wa vitabuni tu. Kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam ambayo mmiliki wake yuko Marekani huandaa hesabu za hapa kwa viwango vya kimataifa, kisha hutuma takwimu huko kwa kanuni ya Kimarekani, ASC 450, ambayo asili yake ni kiwango cha mwaka 1975. Kesi ni moja, lakini majibu yanaweza kutofautiana.

Kwanza kuna kizingiti. Kwa IAS 37, zaidi ya nusu inatosha. Kanuni ya Kimarekani inataka hasara iwe na uwezekano wa kutosha kusema "inaelekea kutokea". Kanuni haitoi asilimia, lakini wahasibu wa huko kwa kawaida huisoma kama asilimia 70 hadi 80. Kesi ambayo wakili anaona uwezekano wa kushindwa ni asilimia 60 itakuwa na tengo kwenye hesabu za Dar es Salaam, na kwenye hesabu zinazokwenda Marekani itakuwa maelezo tu. Kwa hiyo anayelinganisha kampuni mbili, moja ya London na moja ya New York, asidhani kuwa ukosefu wa tengo una maana ileile kwenye vitabu vyote viwili.

Pili ni kiasi. Turudi kwa lori letu. Wakili anasema tutashindwa, na mahakama itatoa kati ya milioni 200 na milioni 500, wala hakuna kiasi ndani ya hapo chenye nguvu kuliko kingine. IAS 37 inachukua katikati, milioni 350. Kanuni ya Kimarekani inachukua kiasi cha chini, milioni 200, kisha inadai ueleze kwamba hasara inaweza kuongezeka kwa milioni 300. Binafsi naipenda zaidi ya kimataifa hapa. Ukichukua kiasi cha chini kila mara, karibu kila mshangao unaokuja baadaye utakuwa mbaya, na mwenye hisa anabaki na hesabu zilizoegemea upande mmoja.

Tofauti hii haikai kwenye karatasi tu, na kisima cha mafuta cha Macondo kinaionyesha vizuri. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka kwenye Ghuba ya Meksiko, watu 11 wakafa, na mafuta yakamwagika baharini kwa takribani siku 87. Kampuni ya mafuta ya BP, inayotumia viwango vya kimataifa, ilikuwa na asilimia 65 ya kisima. Mshirika wake Anadarko, iliyokuwa ikitumia kanuni ya Kimarekani, ilikuwa na asilimia 25. Katika hesabu za 2010 BP ilibeba gharama ya dola bilioni 40.9 kabla ya kodi, na kwa yale ambayo haikuweza kuyapima ikaeleza kuwa ni dhima zinazoweza kujitokeza. Anadarko ilikuwa inabishana na BP kuhusu nani alipe nini, ikaieleza hatari hiyo bila kuandika gharama ya ankara za BP. Kisha Oktoba 2011 ikakubali kuilipa BP dola bilioni 4. Robo mwaka iliyoishia Septemba ilifungwa kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 3.

Mwekezaji aliyesoma hesabu za BP alipata pigo kubwa mapema. Wa Anadarko alisoma maelezo kwa mwaka mzima na zaidi, kisha pigo likaja kwa mkupuo. Hakuna kampuni hapo iliyovunja kanuni yake. Lakini hata pigo la mapema halikutosha: Julai 2015 BP ilikubaliana na serikali ya Marekani na majimbo matano kulipa hadi dola bilioni 18.7, na kufikia 2018 jumla ya gharama ilikuwa inakaribia dola bilioni 65. Tengo ni makadirio ya siku hiyo, na linarekebishwa kila mwaka unapofungwa.

Tatu ni usiri, na hapa ndipo mawakili husikiliza kwa makini. IAS 37 inaruhusu, katika hali za nadra sana, kampuni isitoe taarifa ambazo zingeidhuru vibaya kwenye mgogoro, mradi itaje asili ya mgogoro na iseme kwamba imezuia taarifa na kwa nini. Volkswagen iliutumia mlango huo kwenye sakata la udanganyifu wa moshi wa magari yake ya dizeli lililoibuka Septemba 2015. Iliandika gharama ya euro bilioni 16.2 kwa mwaka ule, lakini ikakataa kutoa undani wa makadirio ya kesi. Kanuni ya Kimarekani haina mlango wa namna hiyo. Huko watu hujificha kwa kujumlisha kesi nyingi pamoja, ili mdai mmoja asiweze kusoma kilichotengwa kwa ajili yake.

Kujumlisha kunawezekana hata huku kwetu, ikiwa kesi zinafanana. Mhasibu mmoja aliwahi kunikatalia kwa hoja kwamba "tukiandika tengo, tumekiri kosa". Hofu yake ni ya kweli na sikuidharau. Jibu langu lilikuwa kwamba sentensi mbili zilizoandikwa vizuri zinaweza kueleza aina ya madai, jumla yake, na msimamo wa kampuni wa kuyapinga, bila kumwonyesha mpinzani karata zako.

Kupigana au kupatana

Uamuzi wa kupigana au kupatana ni wa biashara na wa kisheria. Hesabu zisiuamue. Hata hivyo, mkurugenzi anapaswa kujua kila njia itaonekanaje kwenye vitabu.

Ukipigana, kila mwaka unakaa na makadirio, ukiyapandisha na kuyashusha. Ada za wakili kwa kawaida zinaandikwa anapofanya kazi, ingawa kanuni ya Kimarekani inaiachia kampuni ichague kuzitenga mapema. Ukipatana, shaka inaisha na kiasi kinajulikana. Ndiyo maana kampuni kubwa huwa tayari kulipa zaidi ya kile ambacho wakili anatabiri.

Kinachosahaulika ni tarehe. Tuseme mwaka umefungwa tarehe 31 Desemba kukiwa na tengo la milioni 350, hesabu hazijatiwa saini, na mwezi Februari mnapatana kwa milioni 320. Huwezi kusema hiyo ni habari ya mwaka mpya. Lori liligonga Oktoba, kwa hiyo mapatano ya Februari yanathibitisha wajibu uliokuwepo Desemba, na tengo linarekebishwa liwe 320. Kwenye jambo hili kanuni zote mbili zinakubaliana. Anadarko ilipatana na BP Oktoba, ikaandika hasara kwenye robo iliyoishia Septemba. Nimewaona watu wakichelewesha saini ya mapatano mpaka mkaguzi aondoke. Wakiwa wameshakubaliana kiasi na mdai, kuchelewesha huko hakuwasaidii, kwa sababu ushahidi upo tayari.

Malipo ya awamu nayo yana hesabu yake. Ukikubali kulipa milioni 300 kwa miaka mitatu, milioni 100 kila mwisho wa mwaka, deni la leo si milioni 300. Kwa riba ya asilimia 10 thamani yake ya leo ni kama milioni 249. Tofauti ya milioni 51 itaingia taratibu kama gharama ya fedha. IAS 37 inalazimisha hesabu hiyo muda unapokuwa na athari kubwa. Wamarekani wanairuhusu tu pale kiasi na tarehe za malipo zinapojulikana kwa uhakika. Ndivyo kampuni ya Kimarekani ya 3M ilivyofanya mwaka 2023 ilipopatana na wasambazaji wa maji juu ya kemikali zake: malipo yanaweza kufika dola bilioni 12.5 hadi mwaka 2036, lakini gharama iliyoandikwa robo ile ilikuwa bilioni 10.3. Kwa hiyo unaposoma habari za mapatano, angalia kama takwimu ni ya malipo au ya thamani ya leo. Magazeti huzichanganya mara kwa mara.

Gharama ya kimya

Kati ya njia tatu, kimya ndicho kinachovutia zaidi na ndicho kinachoumiza zaidi. Mfano ninaoukumbuka kila ninapofungua faili la kesi ni wa Mylan, waliokuwa wakiuza sindano ya mzio iitwayo EpiPen. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiichunguza kampuni hiyo kwa kuiweka dawa kwenye kundi lililowapunguzia kiasi walichopaswa kuurudishia mpango wa Medicaid, ule wa serikali wa kugharimia matibabu ya wenye kipato kidogo. Hesabu zao hazikuutaja uchunguzi huo wala kutenga chochote, mpaka Oktoba 2016 walipotangaza mapatano ya dola milioni 465. Msimamizi wa soko la mitaji wa Marekani, SEC, akawashtaki kwa ukimya huo, na mwaka 2019 wakalipa dola milioni 30 kumaliza shauri hilo.

Kilichonigusa ni sentensi moja ya maelezo yao ya hatari. Waliandika kwamba mamlaka ya serikali *inaweza* kuwa na mtazamo tofauti juu ya taarifa walizopeleka. Wakati huo mamlaka ilikuwa imekwisha kuwaambia kwamba wameiweka dawa kundi lisilo lake. Ukilinganisha "inaweza" na "imeshasema" utaona umbali uliopo kati ya tahadhari na kuficha. Naomba kila mhasibu anayeandika maelezo ya kesi asome kitenzi chake mara mbili.

Bima na kodi

Kuhusu bima, nitasema kwa ufupi. Kampuni yetu ya malori ina bima, na wengi wangeandika milioni 350 ukitoa 250 za bima, tengo 100. Hapana. Kwenye mizania tengo linabaki zima, na fidia ya bima inaandikwa peke yake kama mali, tena pale tu inapokuwa na uhakika wa karibu kabisa, mathalani bima imekiri kwa maandishi. Kwenye faida na hasara unaruhusiwa kuzikutanisha. Wamarekani ni wepesi kidogo hapa: wanaikubali fidia ikielekea kupatikana, bila kuzidi hasara iliyoandikwa.

Kodi inahitaji maneno zaidi, kwa sababu kwetu ugomvi mwingi mkubwa ni na mamlaka ya mapato. Kodi ya mapato haipo chini ya IAS 37. Iko chini ya IAS 12, pamoja na tafsiri ya IFRIC 23 iliyoanza kutumika 2019, ambayo inakutaka udhani kuwa mkaguzi wa kodi atakuja na atakuwa na taarifa zote. Huwezi kutegemea kwamba hatagundua. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na tozo nyingine zinabaki IAS 37.

Na hapa kuna somo la ukubwa wa dai. Julai 2017 mamlaka ya mapato ya Tanzania, TRA, ilizipelekea kampuni za dhahabu za Acacia makadirio ya kodi yaliyofika dola bilioni 190, pamoja na riba na adhabu. Kwa kampuni ya ukubwa ule, kiasi hicho kilikuwa mara nyingi zaidi ya thamani ya kampuni yenyewe. Oktoba 2019 Barrick, iliyokuwa imeichukua Acacia, ilitangaza mapatano na serikali: dola milioni 300, kampuni ya pamoja ya Twiga, na serikali kupata asilimia 16 ya migodi. Namba iliyoandikwa kwenye hati ya madai ni mwanzo wa mazungumzo. Mhasibu anayeitenga yote kwa woga anakosea, na anayeipuuza yote kwa sababu inaonekana ya ajabu anakosea vilevile.

Jambo moja la Tanzania linawachanganya wengi. Ukitaka kupinga makadirio, sheria inakutaka ulipe kwanza kiasi usichobisha au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Theluthi hiyo ikiwa ni ya VAT, usikimbilie kuiandika kama gharama. Januari 2019 kamati ya tafsiri ya viwango vya kimataifa ilieleza kuwa amana ya namna hiyo ni mali: ama utarudishiwa, ama itatumika kulipa deni ukishindwa. Tengo la ugomvi wenyewe linapimwa kando, kwa vigezo vyake.

Nani achague nini

Kampuni iliyoorodheshwa soko la hisa la Dar es Salaam au Nairobi haina uchaguzi wa kanuni. Uchaguzi wake uko kwenye ubora wa makadirio. Yenye mmiliki Mmarekani iweke jedwali moja la kesi lenye safu mbili, ya IAS 37 na ya ASC 450, tangu mwanzo wa mwaka. Kujaribu kutafsiri tengo mwezi Januari ndipo makosa yanapozaliwa. Kampuni ndogo ya familia, yenye kesi moja au mbili, ichague tengo mapema hata kama linauma, kwa sababu benki ya mtaani itavumilia mwaka mmoja wenye faida ndogo kuliko itakavyovumilia mteja aliyeificha kesi.

Na kabla ya yote hayo, mwandikie wakili mwezi Novemba, usingoje Machi. Barua nyingi ninazopokea kutoka kwa mawakili zinasema "tuna utetezi mzuri", basi. Haziwezi kubeba tengo wala maelezo. Muulize mambo manne na umwombe ayajibu kwa maandishi: kushindwa kunaelekea zaidi kuliko kushinda, ndiyo au hapana; kiasi cha chini na cha juu ni kipi; ndani ya hapo, kuna namba anayoiamini zaidi; na malipo yatakuja lini. Yule mhasibu wa malori akirudi kwa mzee na karatasi hiyo mkononi, mazungumzo yao yatakuwa mengine.